Doa la Nambari Saba

Kilonzi, msimamizi wa ploti, hakunisalimu asubuhi ile.
Alinionyesha kwa kidole cha mguu:
doa, jeusi, linalong'aa
juu ya kabro alizozisugua Jumamosi.
"Nambari saba," akasema, "gari lako linakojoa."

Nikatandika katoni chini ya injini
kama mtu amtandikiaye mtoto asiyejimudu usiku.
Alfajiri nikaivuta kuisoma:
tone moja hapa, matatu pale, na kijito
kilichoelekea Donholm kikaghairi.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa soksi,
nikakichomeka tena.
Oili imeshuka chini ya alama ya chini.
Trei sitini za mayai zinangojwa na hoteli za Burma
na mimi nimepiga magoti, nusu sala, nusu hasira.

Kirinyaga Road, nyuma ya kaunta yenye nyavu,
kijana mwenye ulimi wa asali akaniwekea kichupa.
Shilingi elfu moja mia mbili.
"Mimina tu, mzee. Mpira unakunywa, unafura,
unakumbatia chuma. Fundi wa nini?"
Nami nikalipenda neno hilo, fundi wa nini,
nikarudi nalo nyumbani kama chenji.

Na kusema kweli, ilifanya kazi.
Siku kumi na tisa katoni ilikuwa katoni tu.
Nikamsalimu Kilonzi kwa sauti ya juu.
Nikaanza kuwapa watu ushauri.

Ya ishirini, tone.
Ya ishirini na moja, tone na nduguye.
Nikarudi kwa kichupa. Nikaongeza.
Dawa juu ya dawa, oili juu ya dawa,
na harufu ya kuungua kila nikisimama
kwenye taa za Jogoo Road,
moshi mwembamba ukichungulia pembeni mwa boneti.

Nabwire ana kibanda Kariobangi, jirani na wapima vyuma.
Hakuniuliza nimetia nini. Alinusa kijiti, akajua.
Akaiosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni,
akaikausha, akaipaka poda ya mtoto,
ile ya kopo jeupe, kila pembe, kila boliti.
"Iendeshe hadi raundabauti, urudi."
Nikaenda na gari linalonukia kliniki ya wachanga.

Niliporudi aliingia chini, tochi mdomoni.
Juu kwenye gasketi, poda nyeupe.
Kwenye sampu, nyeupe.
Nyuma, injini inapokutana na giaboksi,
mstari mweusi, mwembamba, kama ulimi wa mjusi.

"Sili," akasema. "Na haikukauka, imekatika.
Mpira uliokauka, dawa huulainisha, ukapata siku mbili tatu.
Uliokatika haubembelezwi."
Sili yenyewe shilingi mia nane.
Kuifikia: kushusha giaboksi, kutwa nzima, elfu sita.
Nikapiga hesabu ya vichupa vitatu
na lita za kujaziliza tangu Machi,
nikanyamaza. Naye muungwana, hakuniuliza jibu.

Jioni akaniwekea sili ya zamani kiganjani.
Pete ngumu, na pengo dogo kuliko ukucha.
Faida ya miezi miwili ilipitia pale.

Sasa katoni zangu hubeba mayai.
Bado huamka nikachungulia chini ya gari;
mazoea hayana fundi.
Kilonzi amelisugua doa kwa sabuni ya unga,
kwa majivu, kwa mchanga wa mjengo wa jirani.
Linafifia taratibu, jua likililamba kingo.

Jana Mwende wa nambari mbili, miaka sita,
alinizuia langoni kwa mikono yote miwili.
Doa lile, kumbe, ndilo nyumbani katika mchezo wao:
ukilikanyaga, hushikwi.
"Linaisha," akaniambia.
"Utamwaga lingine lini?"